Mkono Uliozikunja Taa za Prairie Ford

Prairie Ford, Iowa
21 Oktoba 1984

Shikamoo Shangazi Verna,

Huku wote wazima, ila goti la Mama limeanza tena vituko vyake na yeye hataki kusikia habari za daktari. Anasema daktari mwenyewe anatembea kama bata, atamtibu nani? Mahindi yamevunwa karibu yote, mji mzima unanuka vumbi lake. Jumamosi timu ya chuo ilicheza nyumbani, basi magari yameegeshwa mpaka kwenye geti la makaburi. Mimi bado nafundisha hesabu darasa la nane, na darasa la nane bado linanishinda.

Sasa nikwambie kilichonikalisha mezani. Unamkumbuka Bi Lindahl wa maktaba ya mji? Alinisimamisha baada ya ibada, sahani ya keki mkononi, akaniambia maktaba inataka kufanya maonyesho ya picha mwezi wa Aprili. Picha za taa za neoni, yale mabango ya vioo vilivyokunjwa aliyotengeneza Baba. Shangazi, kumi na mbili bado zinawaka! Nilizunguka na gari nikazihesabu mwenyewe. Maonyesho yataitwa "Taa za Leonard Kubicek", na kwa kuwa nina kamera, mpiga picha ni mimi. Nililia pale pale mbele za watu, keki ikanidondokea kiatuni. Baba yuko kaburini mwaka wa tatu huu na hakuna aliyewahi kusimama hadharani kusema asante. Sasa mji mzima utasema.

Basi nimeanza, na nimeanza vibaya. Juzi nilitoka saa nne usiku, nikasimamisha kamera kwenye miguu yake mitatu mbele ya Moteli ya Blue Heron, pale penye taa ya korongo wa buluu, nikaacha jicho lake wazi sekunde nane, maana giza lilikuwa giza kweli. Picha zimerudi leo. Ni aibu tupu. Yule korongo hana rangi yoyote, ni mistari myeupe kana kwamba mtu kamwaga chokaa. Mkanda mzima ni hivyo hivyo. Nakuwekea moja ucheke.

Wewe ulikuwa dukani naye miaka ile yote, ukishika simu na kupokea wateja. Lolote unalokumbuka kuhusu alivyofanya kazi, niandikie. Bi Lindahl anataka maelezo mafupi chini ya kila picha.

Akupendaye,
Marlys


Astoria, Oregon
2 Novemba 1984

Marahaba Marlys,

Nimecheka mpaka paka akahama chumba. Hapa mvua, jana mvua, na kesho nitakwambia. Mwambie Ardis goti lile alifunge kitambaa cha sufu na aache kupanda ngazi za chumba cha chini kufuata mitungi ya matango. Najua anazipanda. Hata asibishe.

Nani alikudanganya kwamba neoni hupigwa picha usiku? Usiku ni wa kuitazama. Kamera haina akili ya jicho lako. Ukiiachia sekunde nane inakunywa mwanga mpaka inalewa, na rangi yote inakufa. Nenda jua likishazama, hesabu dakika kumi na tano, isizidi ishirini. Anga bado ina buluu ile nzito, kuta bado zinaonekana, na taa zimeshawashwa. Sekunde moja inatosha, mbili kwa zile hafifu. Dakika chache tu, halafu funga virago urudi nyumbani ule.

Na fanya haraka kabla ya Januari. Zile za buluu zina tone la zebaki ndani, na baridi ikishika zebaki inalala. Nusu ya ndege itawaka na nusu itaonekana imekufa. Usije ukamkimbilia mwenye moteli kumwambia taa yake imeharibika. Siku ikipata joto itaamka yenyewe.

Umeomba maelezo. Huyo korongo, shingo yake ndiyo iliyosumbua. Kioo cha moto ukikikunja mara mbili karibu karibu namna ile, upande wa ndani unajikunyata, na inabidi upulize kwa ule mpira mwembamba unaotoka kwenye kioo mpaka mdomoni, kwa kiasi chake hasa. Ukizidisha, kinavimba kama shavu la mwenye jino bovu. Ukipunguza, kinabonyea. Huku mikono inazungusha bila kusita, maana ukisita tu kinaanguka. Shingo ilivunjika mara nne. Ya tano ilikubali, na siku hiyo hatukufanya kazi nyingine, tulikaa tu tukiitazama.

Ndivyo baba yako alivyokuwa akisimulia. Mimi nilikuwa kwenye simu.

Samahani kwa wino uliopakazika, mkono wangu unafagia kila ninachoandika.

Shangazi yako,
Verna


Prairie Ford
9 Desemba 1984

Shikamoo Shangazi,

Mungu akuzidishie! Nilifanya ulivyosema, neno kwa neno. Nilifika motelini jua linazama, nikahesabu dakika, vidole vimeganda. Vijana wanne wa chuo wakapita, mmoja akapaza sauti, "Mama, unampiga picha mzee wako? Yuko chumba namba ngapi?" Nikamjibu, "Namba saba, yuko na baba yako wanacheza karata." Wenzake walimcheka hadi kona. Halafu yule yule akarudi kunishikia mwavuli, maana theluji ilianza.

Shangazi, ile picha! Nilipoifungua nilikaa chini. Anga buluu, korongo buluu ya namna nyingine kabisa, mdomo wake wa rangi ya chungwa, na theluji imepata rangi zote mbili. Nimekaa mji huu miaka thelathini na saba, nimepita chini ya ndege huyo mara elfu, wala sikujua ni mzuri hivyo. Sasa nina sita: moteli, Kafe ya Svoboda, kile kiatu cha fundi Dufek, sinema ya Paragon, ukumbi wa bouling, na dobi. Nimekuwekea zote. Asante sana. Bila wewe ningewapelekea watu wa maktaba chokaa.

Nimeshaanza kuandika utangulizi, na nimeuanza na kumbukumbu yangu ninayoipenda kuliko zote. Nilikuwa na miaka mitano au sita. Mama alinituma nimpelekee Baba chakula cha mchana. Nikapita dukani, nikasukuma pazia la chumba cha nyuma, na Baba alikuwa kwenye benchi, kioo mikononi, ule mpira mdomoni, akanikonyeza. Wewe ulikuwa umesimama dirishani, umenipa mgongo, unajifuta mikono. Kila ninapomkumbuka Baba, namkumbuka hivyo. Siku zake za mwisho hospitalini nilijilazimisha kumwona hivyo.

Wewe unaikumbuka siku ile? Alikuwa akitengeneza taa gani? Ningependa kuitaja.

Mama anatuma boksi la kolache, vile vimkate vyake vitamu vya mbegu za popi. Amesema ule mwenyewe, usimpe paka.

Marlys


Astoria
28 Desemba 1984

Marlys,

Kolache zimefika zimebonyea lakini utamu wake ni ule ule. Mwambie Ardis asante. Krismasi ilipita kimya na vizuri. Picha nimezipanga kwenye dirisha la jikoni. Umepata mkono sasa.

Kuhusu siku ile, sina la kuongeza. Na usiiweke kwenye utangulizi. Andika kitu kingine. Andika kwamba alikuwa baba mwema na alichora vizuri, hayo ni kweli.

Verna


Prairie Ford
27 Januari 1985

Shikamoo Shangazi,

Baridi ya wiki hii ni nyuzi ishirini na tano chini ya sifuri. Gari halijawaka tangu Jumanne, natembea kwenda shule nimejifunga mablanketi kama mgonjwa aliyetoroka. Korongo wa moteli amelala nusu, kama ulivyosema. Mama mzima, anakununia kwa kutomwandikia moja kwa moja.

Barua yako fupi ilinishangaza. Nikajiambia labda ni majonzi, nikaacha. Ila limetokea jambo na siwezi kunyamaza.

Orrin Tvedt, yule fundi wa Cedar Bend anayekarabati neoni za wilaya hii, alikuja kufufua herufi mbili za Kafe ya Svoboda. Nilikuwa pale nakula, nikamwonyesha picha zangu, sasa zimefika tisa. Alivaa miwani, akaziangalia moja moja, pole pole, mpaka supu yake ikapoa.

Akaniuliza, "Baba yako alitumia mkono wa kushoto?"

Nikamwambia, "Hapana. Wa kulia. Alinifundisha kurusha mpira kwa mkono wa kulia."

"Basi hizi hakuzikunja yeye."

Nikacheka. Nikamwambia, "Orrin, acha utani."

"Binti, mimi nimezifungua hizi taa miaka ishirini. Mtu wa mkono wa kulia anaanzia neno upande huu, viungio vya vioo vyake vinaangukia hapa. Huyu anaanzia kule. Zote tisa. Nilikuwa nadhani Len ana mkono wa kushoto, nikasema ndiyo maana. Ila kama unaniambia ni wa kulia..." Akarudisha miwani mfukoni. "Yeyote aliyekunja shingo ya yule korongo, ningemvulia kofia barabarani."

Nilirudi nyumbani, nikatandaza barua zako zote mezani. Wino umepakazika kila mstari, kutoka mwanzo hadi mwisho, kwa sababu mkono wako unapita juu ya ulichokwisha kuandika. Barua zako zote tangu nikiwa mtoto ziko hivyo na sikuwahi kujiuliza. Halafu nikasoma ile ya Novemba. Mtu wa simu anajuaje kwamba ukisita kioo kinaanguka?

Shangazi, nakuuliza kwa heshima zote. Nani alizikunja taa hizi?

Marlys


Astoria
8 Februari 1985

Marlys,

Orrin Tvedt simjui na sitaki kumjua. Kubadilisha transfoma hakumfanyi mtu kuwa nabii. Duka lilikuwa la Leonard Kubicek. Jina lake lilikuwa mlangoni. Wateja walimjia yeye. Maonyesho yana jina lake na yabaki hivyo hivyo.

Kama unataka kunishukuru, nishukuru kwa zile dakika kumi na tano. Mengine yaache. Mwache kaka yangu apumzike.

Verna


Prairie Ford
24 Februari 1985

Shikamoo Shangazi,

Najua umekasirika. Hata hivyo nakuamkia, na nakuandikia.

Nilimwendea Mama. Nilimkuta anakanda unga, nikamuuliza bila kuzunguka, "Mama, Baba alikuwa anakunja vioo?"

Hakusimamisha mikono. "Nani kakwambia?"

"Orrin Tvedt."

"Orrin ana mdomo mpana kama ndoo. Kamuulize Verna."

"Verna hataki kusema."

"Basi na mimi sisemi. Tuliapa watatu. Mmoja kaenda, waliobaki wawili, na mimi siwezi kuvunja kiapo peke yangu." Akaendelea kukanda. Unga ulikuwa umeshalainika zamani, na bado anaupiga. Mwisho akasema, "Ila nitakwambia hili. Miaka kumi na tano sikuwahi kulala na wasiwasi wa chakula. Na kila nilipoweka sahani mezani, nilijua ni mikono ya nani imeileta. Nilikuwa namwekea Verna kipande cha kwanza cha nyama. Leonard alikuwa anajua kwa nini, na hakuwahi kunung'unika."

Nakumbuka hilo, Shangazi. Siku zote ulipewa wewe kwanza. Nilikuwa naona wivu.

Sasa sikiliza. Bi Lindahl anapeleka maandishi kwa mchapaji tarehe kumi na tano Machi. Sitaandika jina lako bila ruhusa yako. Siwezi. Lakini pia siwezi kuandika kwamba alizikunja Baba, huku najua si yeye. Kwa hiyo bila jibu lako nitamwambia Bi Lindahl maonyesho hayapo, na picha zote zitakaa kabatini kwangu.

Simkasirikii Baba. Kama kuna mtu wa kumkasirikia ni mimi, niliyekuona umesimama dirishani unajifuta mikono na nisijiulize unajifuta nini. Baba nilichelewa kumshukuru. Nilisema asante yangu kwa jeneza. Sitaki kukufanyia hivyo na wewe. Nataka nikushukuru uko hai, unasikia, na unaweza kunigombeza.

Marlys


Astoria
8 Machi 1985

Marlys mwanangu,

Barua hii nimeiandika mara tano. Naituma ya sita, kwa haraka, iwahi tarehe yako. Nimempigia Ardis simu kwanza. Tumelia wote wawili kama vichaa, halafu akaniambia, "Mwambie mtoto, Verna. Nimechoka kulinda mlango wa nyumba isiyo na mtu." Basi.

Baba yako alijifunza kazi Chicago kabla ya vita, na alikuwa fundi kweli. Alirudi mwaka arobaini na tano, mzima kwa macho ya watu, ila mikono ilikuwa inatetemeka. Si sana. Aliweza kushika kikombe, kuandika, na baadaye kukubeba wewe. Lakini kioo kilichoyeyuka hakisamehe hata kidogo. Alijaribu majira yote ya baridi. Kila asubuhi nilikuta ndoo imejaa vipande. Siku moja nilimkuta amekaa sakafuni kati ya vile vipande, akaniambia, "Verna, sina kazi nyingine ninayoijua."

Nikamwambia, "Nifundishe mimi." Nilisema tu ili anyamaze kulia.

Akanifundisha. Alikaa ubavuni mwangu majira mazima ya baridi, mikono ameikalia ili nisiione, ananielekeza kwa mdomo. Zungusha. Puliza. Usiogope. Laza sasa. Mkono wangu wa kushoto ulimpa taabu, ilibidi akigeuze kila alichofundishwa, na hakuniambia hata mara moja nitumie mwingine, ingawa shuleni walikuwa wananichapa kwa ajili yake. Kufika kiangazi nilikuwa nakunja herufi nzuri. Kufika mwaka wa hamsini, nakwambia wewe peke yako, nilikuwa bora kuliko yeye alivyowahi kuwa, na yeye ndiye aliyeniambia hivyo.

Aliniomba watu wasijue. Aliona haya, na wakati ule nani angemwamini fundi ambaye hawezi kushika kazi yake? Aliomba hasa wewe usijue. Hapo ndipo pagumu kwangu kuandika.

Siku ile ulipoleta chakula, aliyekuwa kwenye benchi ni mimi. Tulisikia viatu vyako dukani. Leonard akasema, "Verna, haraka." Nikazima moto, nikamwachia kiti. Kioo ulichomwona nacho kilikuwa kimeshakunjwa, kimepoa. Alitia mpira mdomoni ili umwone. Alikukonyeza. Mimi nilikwenda dirishani kwa sababu sikuweza kuwatazama. Ulipoondoka akasema, "Umeona alivyonitazama?" Kesho yake akatundika kengele mlangoni, tuwe tunakusikia mapema zaidi.

Kwa hiyo nilikukatalia. Sikujali jina. Niliogopa ukijua, hutabaki na baba wa kukumbuka.

Ila kuna kitu umekosea na lazima nikusahihishe, mwalimu wa hesabu wewe. Unadhani mimi nilinyimwa. Wapi! Msichana wa shamba, mwaka arobaini na sita, nani angenipa moto na kioo? Kwingine kote wangenipa ufagio. Kaka yangu alinipa kila alichokijua. Michoro yote ni yake. Na kuzitundika alizitundika yeye, juu ya ngazi, ameshika chuma, na kule juu mikono yake ilitulia, usiniulize kwa nini. Nilikuwa na furaha nyuma ya lile pazia, Marlys. Miaka kumi na tano ya furaha, mpaka mabango ya plastiki yalipokuja na kutuzimia moto. Asante yako naipokea, kwa mikono miwili. Lakini nusu yake mpelekee yeye.

Andika hivi: Leonard na Verna Kubicek. Yeye atangulie, ni mkubwa wangu. Na herufi za jina langu ziwe sawa na zake, zisiwe ndogo. Ndogo nimekuwa vya kutosha.

Verna


Prairie Ford
14 Aprili 1985

Shikamoo Shangazi yangu,

Barua yako ilifika tarehe kumi na tatu Machi. Niliisoma nimesimama kwenye sanduku la posta, na koti sijafunga. Nilikimbilia maktaba hivyo hivyo. Bi Lindahl alinitazama uso, akasema, "Keti kwanza." Nikamwambia, "Sikai, nipe kalamu."

Nilipokupigia simu kukualika ulisema hutakuja kwa sababu ya nyonga yako. Sikuamini, lakini sikukubishia. Basi nikusimulie.

Maonyesho yamefunguliwa jana alasiri. Mlangoni bango limesema "Taa za Leonard na Verna Kubicek". Herufi nimezipima kwa rula, usiwe na wasiwasi. Ndani, chini ya kila picha, imeandikwa: mchoro na utundikaji, Leonard, kioo, Verna. Habari za mikono yake sikuziandika. Hizo ni zetu.

Watu walikuja wengi kuliko viti. Kulikuwa na kahawa, sandwichi za nyama ya nguruwe, na saladi tano za viazi kwa sababu kila mama wa kanisa alidhani ni yeye peke yake ataleta. Orrin Tvedt alisimama mbele ya korongo, akavua kofia, na hakuirudisha mpaka alipotoka nje. Mzee Hruska wa ukumbi wa bouling alisoma jina lako mara mbili, akanishika mkono. "Nilikuwa nikija dukani kwa Len," akaniambia, "nasikia mwanamke anaimba nyuma ya pazia. Nikamuuliza, nani huyo? Len akasema ni redio. Miaka kumi na tano, redio! Na mimi mjinga nikawa nauliza ni stesheni gani." Alicheka mpaka akatafuta leso.

Mama alivaa gauni lake la buluu. Alizunguka picha zote kumi na mbili na fimbo yake. Mwisho alirudi mlangoni, akaweka kidole kwenye jina lako, akakipitisha herufi kwa herufi. Halafu akaweka kwenye la Baba. Kisha akaniambia ana njaa, nani amekula zile sandwichi zote.

Shangazi, kuhusu ile kumbukumbu. Ulidhani ningempoteza Baba. Sikumpoteza. Mtu aliyeshika kioo kilichopoa, mpira mdomoni, anamkonyeza mtoto wake ili asivunjike moyo, huyo ni baba yangu kabisa, tena nampenda zaidi. Ninachofanya siku hizi, nikiikumbuka siku ile, namwangalia pia yule mwanamke wa dirishani. Nangoja ageuke.

Asante kwa shingo ya korongo, na kwa kipande cha nyama nilichokuonea wivu. Kulala nimeshiba, kusoma, kuwa mwalimu, yote yalipitia mkononi mwako, na nimeyajua nina miaka thelathini na saba. Asante, Shangazi. Nimesema ukiwa hai.

Nimekuwekea picha ya korongo, kubwa, ya kutundika ukutani. Usiifiche nyuma ya mlango.

Marlys


Astoria
26 Aprili 1985

Marahaba Marlys,

Mvua imekatika siku mbili, watu wa hapa wanatembea wamefumba macho kwa mwanga. Nyonga yangu haina neno. Ulijua. Sikuja kwa sababu ya woga. Nimezoea kusikia watu kutoka nyuma ya pazia na sikujua ningesimamaje mbele yao.

Barua yako naisoma kila asubuhi kabla ya kahawa. Ile ya Hruska na redio nimeisoma zaidi. Leonard hakuwahi kuniambia. Mwambie Ardis kidole chake nimekiona huku. Mwambie hivyo hivyo, ataelewa.

Picha sikuificha. Nimeitundika sebuleni, mkabala na mlango, kila aingiaye aione. Jana jirani yangu, Bi Niemi, alikuja kuazima sufuria. Akaingia, akasimama, sufuria akaisahau. Akaniuliza, "Uzuri gani huu! Nani aliyetengeneza?"

Swali hilo nimelijibu karibu miaka arobaini, Marlys, na jibu ni lile lile. Mdomo ulishafunguka wenyewe. Neno "kaka yangu" lilikuwa kwenye ulimi.

Nikaufunga. Nikaweka kikombe mezani kwanza. Halafu nikamwambia, "Alichora kaka yangu. Kioo nilikikunja mimi."

Shangazi yako,
Verna Kubicek